Je, kipimo cha damu chaweza kuchukua nafasi ya kinyama?

SWALI: Daktari, salaam. Mama yangu mdogo, mwenye umri wa miaka 52, ana uvimbe kwenye titi la kushoto, na hospitali imeshauri achomwe sindano ili kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe huo, kipelekwe maabara. Amekataa, kwa kuwa majirani wamemwambia kwamba uvimbe ukiguswa na chuma, saratani husambaa. Nami nimesoma kuwa siku hizi saratani hugunduliwa kwa damu tu. Je, tumtafutie kipimo hicho?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, mpelekeni mama akachukuliwe kinyama, na msisubiri kipimo cha damu.

Kipimo ulichosoma habari zake kipo kweli. Seli zinapokufa huacha vipande vya DNA, yaani vinasaba vyake, ndani ya damu, na seli za saratani nazo hufanya hivyo. Maabara huvitafuta vile vyenye hitilafu zinazotokana na saratani. Shida ni uchache wake. Uvimbe ukiwa bado mdogo, vipande vyake huweza kuwa chini ya kimoja katika kila elfu moja, na saratani ya titi ya hatua za mwanzo mara nyingi humwaga vichache sana. Kwa hiyo mgonjwa mwenye saratani aweza kupewa jibu kwamba damu yake ni safi, na jibu hilo ndilo ninalolihofia zaidi, kwa sababu mama atarudi nalo nyumbani akiwa ametulia huku uvimbe ukikua.

Hata kama damu ingeonyesha dalili, kinyama bado kingehitajika. Hicho ndicho kinachokatwa vipande vyembamba, kutiwa rangi na kutazamwa kwa darubini, kisha kikapimwa kama seli zake zina vipokezi vya homoni, yaani sehemu zinazonasa homoni, na protini ya HER2 inayochochea ukuaji wa saratani, na majibu hayo ndiyo yanayomwongoza daktari kuchagua dawa.

Hofu ya chuma naielewa, kwani naisikia kliniki karibu kila wiki. Wagonjwa wetu wengi hufika saratani ikiwa imekwisha kusambaa, wakachukuliwa kinyama, na baada ya miezi michache wakafariki. Sindano ikabebeshwa lawama ya ugonjwa uliokuwa umeitangulia. Mwelezeni mama kwamba ngozi hutiwa ganzi kwanza, na kwamba kinachotolewa ni vipande vichache vyenye unene wa njiti ya kibiriti.

Damu ina kazi yake, na kazi hiyo huonekana zaidi saratani ikiwa imekwisha kuthibitishwa. Mwaka 2016 Marekani iliidhinisha kipimo cha damu kinachotafuta mabadiliko ya jeni ya EGFR kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu, ili ijulikane nani atafaidika na dawa zinazolenga jeni hiyo. Kwa upande wa ufuatiliaji, utafiti uliofanywa Australia kwa wagonjwa 455 wa saratani ya utumbo mpana ya hatua ya pili, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2022, ulinifurahisha sana: pale madaktari walipoongozwa na damu baada ya upasuaji, asilimia 15 tu ya wagonjwa walipewa dawa za kemo, ilhali kwa utaratibu wa kawaida walipewa asilimia 28, na waliobaki bila saratani kurudi baada ya miaka miwili walikuwa karibu sawa. Hapa kwetu, watafiti wa Tanzania na Uganda pamoja na Chuo Kikuu cha Oxford wamechunguza kama damu inaweza kuharakisha utambuzi wa limfoma ya Burkitt kwa watoto, saratani ya mfumo wa limfu inayokua haraka na isiyoruhusu kungoja majibu ya kinyama kwa wiki nyingi.

Siku ya sindano, mtu mmoja wa familia aandamane na mama. Ahakikishe kwamba kinyama kimetumbukizwa mara moja katika kichupa chenye fomalini, dawa inayokihifadhi kisioze, na kubandikwa jina lake kamili, na aulize kama vipokezi vya homoni na HER2 vitapimwa kwa kinyama hicho hicho, ili mama asichomwe mara ya pili.