Kineno cha nyuma ndicho kinachosumbua

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja: vile vitenzi vya Kiingereza vinavyofuatwa na kineno kama up, off au out, kisha vikageuka maana. Walimu huviita phrasal verbs.

Niliandikiwa kwamba mkutano "has been put off". Put naijua, off naijua, lakini kwa pamoja sikuambulia kitu. Kanuni yake ni ipi?

Umekwama pale ulipovitenganisha. Mgeni anayejua kwamba piga ni kuchapa, akisikia piga pasi, piga deki na piga kura, atajiuliza kura zimekosa nini. Wewe hujiulizi, maana kwako piga kura ni kitu kimoja. Put off nayo ni kitu kimoja: kuahirisha. Put out ni kuzima moto, put on ni kuvaa, put up with ni kuvumilia. Na usijione mzito wa kuelewa. Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755, alikiri kwamba vitenzi vya namna hii ndivyo vinavyowatesa wageni kuliko yote.

Vineno vyenyewe havikutupwa ovyo, hata hivyo. Up mara nyingi huleta wazo la kumaliza kabisa: eat up ni kula ukamaliza, use up ni kutumia hadi kitu kiishe. Off hupenda kukata au kuachanisha: cut off, switch off, take off. Ukishajua maana, hili litakusaidia kuikumbuka. Kwa kubahatisha halifai. Give up ni kukata tamaa, na hapo sioni kitu kilichopanda juu.

Mwalimu alinikata alama kwa "turn off it". Mbona "turn off the light" aliikubali?

Kwa sababu light ni nomino, na nomino ina uhuru: turn off the light, turn the light off, zote sawa. Viwakilishi kama it, him na them havina uhuru huo. Lazima vikae katikati: turn it off, wake him up, pick them up.

Mtego ni kwamba si kila kitenzi kinakubali kupasuliwa. Look after, look for na run into hushikana kama gundi, kwa hiyo ni look after them, kamwe si look them after. Vya maneno matatu navyo karibu vyote havipasuki: run out of it, put up with him. Utajuaje kipi ni kipi? Tazama kamusi za wanafunzi zinavyoviandika. Ukikuta turn sth off, ile sth, yaani kitu, imewekwa katikati, basi kinapasuka. Ukikuta look after sb, yaani mtu, iko mwishoni, usikiguse. Wengi hufungua kamusi, wakachukua maana na kuondoka, wakaiacha alama hiyo ndogo yenye jibu lote.

Ni "I look forward to meet you" au "meeting you"?

Meeting. To hii si ile ya to go na to eat. Ni kihusishi, sehemu ya kitenzi chenyewe. Jaribu kuweka nomino baada yake. I look forward to the holiday inakubali, basi kitenzi kikija hapo kitachukua -ing. I want to the holiday haikubali, ndiyo maana tunasema I want to meet you. Kipimo hichohicho kitakuokoa kwenye I am used to waking up early.

Nilimwambia mwenzangu Mwingereza "he didn't pick my call", akakunja uso. Nilikosea wapi?

Ulidondosha up. Pick peke yake ni kuchuma au kuchagua. Sisi hukiacha hicho kineno kwa kuwa Kiswahili kinatosheka na neno moja, kupokea. Sema he didn't pick up. Vivyo hivyo, "I will pick you at six" ni I will pick you up at six. Halafu, ajabu yetu, pasipohitajika up ndipo tunapoipachika: "cope up with". Ni cope with tu.

Naweza kuvitumia kwenye barua ya kuomba kazi?

Baadhi. Wanormani, watu kutoka kaskazini mwa Ufaransa, walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa, na kwa karne zilizofuata maneno ya Kifaransa na Kilatini yakamiminika. Ndiyo maana kuna jozi nyingi: put off na postpone, look into na investigate, put up with na tolerate. La kwanza limevaa kanga, la pili limevaa suti. Lakini carry out, set up na fill in hazina ubaya popote, hata kwenye barua rasmi kabisa.

Nikisoma naelewa, nikisikiliza sinasi kitu.

Maneno yanaungana. Pick it up hufika sikioni kama "pikitap". Kineno cha mwisho ndicho kinachobeba mkazo, hivyo kitegee hicho. Na ujizoeze kusema kwa sauti ukiwa na it katikati.

Nikariri vingapi kwa siku?

Zitupe zile orodha za get up, get by, get over, get away; zinafanana mno, zitakuvuruga. Chukua viwili au vitatu ulivyokutana navyo wiki hii, kila kimoja kitungie sentensi inayokuhusu. Mimi nilikariri orodha. Siku ya matokeo nikamwambia mwalimu kwa furaha, "I passed out!" Akaniuliza kama nilijigonga kichwa. Pass out ni kuzimia.