Benki inataka kadi, mwenye gari anataka hela kwanza

SWALI: Shikamoo anko. Mi ni mwalimu wa primari, naishi Makorora hapa Tanga. Nimepata Toyota IST namba D ya mzee mmoja wa Chumbageni, anataka milioni 11. Nina milioni 3, nyingine nakopa. Sasa benki wanataka kadi ya gari ndo watoe hela, na mzee kasema haachii kadi mpaka hela aione. Na dalali anataka nimpe laki 5 ya kushikia gari. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwalimu. Huyo mzee usimuone mkorofi, kuna watu wametumiwa meseji feki za benki wakaachia gari na kadi na mpaka leo wanamtafuta mteja. Usihangaike kumbembeleza akuamini, we mpeleke benki.

Ila kwanza jua umewekwa kwenye mkopo gani. We mtumishi wa serikali, mkopo wa mshahara dhamana yake ni mshahara wenyewe, hela inaingia kwenye akaunti yako na kadi ya gari haimhusu mtu. Wao kudai kadi maana yake wamekupa mkopo wa gari, ambao gari ndo dhamana, kadi inaandikwa jina lako na la benki mpaka umalize deni, na bima lazima iwe kubwa. Mi ningeulizia ule wa mshahara kwanza kama ile theluthi moja ya mshahara unayotakiwa kubaki nayo baada ya makato bado inaruhusu. Na usiombe milioni 8 kamili, wanakata ada na bima ya mkopo humo humo ukija kuangalia salio haifiki 8. Halafu usisaini kabla gari haijakaguliwa, makato yanaanza hata kama gari huna.

Ukibaki na mkopo wa gari, muombe mzee kopi tu ya kadi, benki waanzie hapo na ukaguzi wao. Ukishapita, waombe wamwandikie barua kwamba akileta kadi orijino na mkataba uliosainiwa kwa wakili, watamwingizia kiasi fulani kwenye akaunti yake. Siku hiyo mnakaa wote benki mpaka hela isome kwake. Kama akaunti yake ni ya benki nyingine itapita TISS, ule mfumo wa kuhamisha hela benki kwa benki, basi nendeni asubuhi, sio Ijumaa saa tisa mnaanza kukimbizana na muda. Keshi usitoe hata akisisitiza.

Sasa hapa ndo pa kukaza macho. Jina la kwenye kadi, la kitambulisho cha NIDA na la akaunti liwe moja. Magari mengi yameuzwa mkono kwa mkono bila kubadilisha umiliki, unakuta kadi ina jina la mtu wa tatu huko Arusha, mzee anakwambia "huyo jamaa yangu hana shida". Jamaa aje asaini mwenyewe, na kama kafariki asaini msimamizi wa mirathi mwenye karatasi za mahakama. Ukikuta kadi ina jina la benki basi mzee naye anadaiwa, hapo deni lake lilipwe moja kwa moja kule benki yake na mpewe barua ya kumaliza deni, kinachobaki ndo chake.

Kubadilisha umiliki TRA, wote wawili muwe na TIN. Tenga 50,000 ya kuhamisha, 10,000 ya kadi mpya na ushuru wa stempu asilimia 1, yaani kwa milioni 11 ni kama 170,000 yote, nani analipa andikeni kwenye mkataba. Faini za trafiki angalia kwa namba ya gari kabla. Na fundi aingie chini kabisa, gari za hapa kwetu karibu na bahari juu inang'aa chini chumvi imeshakula.

Laki 5 usimpe dalali. Kama lazima kushikia gari, mwingizie mzee mwenyewe benki, na karatasi iseme benki wakikataa mkopo anarudisha yote. Dalali atapata chake mkishasaini, atanuna kidogo lakini hatoki pale.