Ukipewa kutunga mtihani wa ujirani mwema

Mwalimu mgeni, siku Afisa Elimu Kata atakapokukabidhi Hisabati ya darasa la nne uitungie kata nzima mtihani huu wa pamoja wa shule jirani, usitake kuonekana msomi. Mimi nilitaka. Swali langu lilikuwa hili:

"Kutokana na uhaba wa usafiri uliosababishwa na mvua za masika, mfanyabiashara alisafirisha magunia yake 36 ya mahindi kwa awamu nne zenye idadi sawa. Kila awamu ilikuwa na magunia mangapi?"

Nusu ya darasa langu waliliacha wazi. Kesho yake nikawaambia kwa mdomo: baba ana magunia 36, kayabeba safari nne, kila safari sawasawa. Mikono juu, tisa! Kugawanya walikuwa wanajua. Kilichowashinda ni "awamu" na "uliosababishwa", nami kwenye ripoti nilishaandika kwamba ni dhaifu katika Hisabati.

Jedwali la kutahini, lile linalopanga mada na idadi ya maswali, litakuambia kama mada ni ya darasa la nne. Halikuambii kama mtoto wa darasa la nne ataweza kulisoma swali lenyewe. Uwezo, wale wanaopita nyumba kwa nyumba kupima kusoma na kuhesabu kwa watoto, huwapa hata watoto wa miaka 16 kipimo cha darasa la pili: silabi, maneno, aya, hadithi. Wanafanya makusudi, maana wanatafuta mtoto anakomea wapi katika kusoma. Wewe unatafuta kugawanya, basi mpunguzie mzigo wa kusoma. (Kwenye ufahamu wa Kiswahili ni kinyume, neno gumu huenda ndilo unalopima.)

Usidanganywe na sentensi yenye maneno machache. Kiswahili chetu "hatutawasafirishia" ni neno moja, na mtoto ambaye bado anasoma kwa silabi atalipanda kama mlima. Likate.

Kabla ya kuchapa, tafuta watoto watatu wa shule isiyofanya mtihani huo, wa kati, si vinara, wakusomee kwa sauti. Wakikwama, badilisha neno, hesabu iache.

Siku yenyewe ukisimamia, kila anayenyoosha mkono kuuliza "Mwalimu, hili linasemaje?" andika namba ya swali. Mara ya mwisho kwangu ilikuwa la 14. Neno lenyewe: "jozi".