Habari haina kivumishi hata kimoja: msimamo wa mwandishi nitauona wapi?

Swali: Shikamoo, Mwalimu. Ninasoma shahada ya umahiri ya Kiswahili, nyumbani ni Ujiji. Utafiti wangu unahusu msimamo wa waandishi katika habari za kusitishwa kwa uvuvi Ziwa Tanganyika mwaka 2024. Nimekusanya habari za magazeti, nikapigia mstari vivumishi vya kusifu na vya kulaumu, nikavihesabu. Nyingi zina viwili vitatu, nyingine hazina kabisa. Je, niandike kwamba hazina upande? Na habari ngapi zinatosha?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usiandike hivyo. Ulichopima ni vivumishi, na katika habari ya Kiswahili msimamo hukaa huko mara chache.

J. R. Martin na P. R. R. White, ambao kitabu chao cha 2005 ndiyo rejea kuu ya nadharia ya tathmini, yaani uchunguzi wa jinsi lugha inavyobeba hisia, sifa na lawama, wanaeleza kwamba habari za matukio huandikwa kwa sauti ya ripota: mwandishi hatoi hukumu ya wazi juu ya watu kwa kinywa chake, huwaachia anaowanukuu. Mwandishi wa safu ya maoni habanwi hivyo. Kwa hiyo uhaba ulioukuta ni desturi ya aina hiyo ya maandishi. Tena Kiswahili chenyewe kina vivumishi vya asili vichache. Tunasifu na kulaumu kwa nomino, kwa vitenzi na kwa ngeli.

Tazama vichwa viwili vya habari, nimevitunga mwenyewe: "Ziwa Tanganyika lapumzishwa miezi mitatu" na "Wavuvi wafungiwa ziwa miezi mitatu". Tukio ni lilelile, agizo la Mei 15 hadi Agosti 15. Kivumishi pekee ni cha idadi. Lakini anayepumzishwa amechoka, na anayempumzisha amemtendea wema; msomaji ameshaegemea upande wa agizo kabla ya kufika aya ya pili. Katika kichwa cha pili, kauli ya kutendewa imewatoa wavuvi pembeni na kuwaweka mbele kama watu waliofanyiwa jambo. Na kufungiwa tunakujua: duka hufungiwa, mtoto hufungiwa ndani. Katikati kuna "Uvuvi wasitishwa", ambako mvuvi hayupo wala ziwa halichoki. Hapo ndipo unapotakiwa kukaa muda mrefu, kwenye minyambuliko ya vitenzi, kwa sababu vitabu vilivyoandikwa juu ya Kiingereza havitakuonyesha jambo hili.

Jaribio lake ni jepesi. Chukua kitenzi cha kichwa cha habari na cha aya ya kwanza, weka kingine ambacho mwandishi angeweza kukitumia kwa tukio hilohilo, kisha soma upya. Lawama au huruma ikihama, umepata tathmini. Andika pia kitenzi ulichobadilishia, ili msomaji wa tasnifu yako aone ushahidi. Anza na sehemu hizo mbili kwa sababu White alionyesha kwamba ndizo kiini cha habari ya tukio: aya nyingine hukizunguka kiini hicho, zikikifafanua au kukitolea sababu, bila kulazimika kufuata mtiririko wa wakati.

Baada ya hapo pitia vitenzi vya kunukuu. Ofisa uvuvi "amebainisha" kwamba samaki wamepungua. Mvuvi wa mwalo wa Kibirizi, Kigoma, "amedai" kwamba wamepungua. Wamesema jambo moja, lakini la kwanza mwandishi amelithibitisha na la pili amelikwepa. Angalia ugawaji huu katika mkusanyiko wako wote: nani hubainisha, nani hudai, nani hulalamika, nani hukiri. Jambo hili linanigusa sana, maana watu wa mialo yetu hujulikana Dar es Salaam na Dodoma kupitia vitenzi hivyo tu. Ila uwe mwangalifu na "dai". Likifuatwa na "kwamba" au "kuwa" mara nyingi huonyesha mwandishi anajitenga na kauli. Likifuatwa na nomino, kama "wadai fidia", ni kutaka haki, na halimtilii mtu shaka.

Ngeli pia hupima. Mwaka 2008 waziri mmoja aliyaita mamilioni ya fedha yaliyokuwa yakizungumzwa "vijisenti", na nchi nzima ikalisikia dharau ndani ya vi- na ji- kuliko ambavyo ingeisikia katika sentensi ndefu. Kwenye habari za ziwa, tafuta "vijisamaki" na "vijitumbwi".

Katika nadharia ya tathmini, aina za msimamo ni tatu: hisia za mtu, hukumu juu ya mwenendo wa watu, na uthamini wa vitu. Mpaka wa mbili za mwisho ndio huwasumbua wengi. "Uvuvi haramu" unaonekana kama jina la shughuli, lakini anayehukumiwa ni mvuvi, kwa kipimo cha sheria. "Dagaa bora" ni uthamini, basi.

Kuna pia tathmini isiyo na neno lolote la kusifu wala kulaumu. "Mama wa watoto watano aliyekuwa akianika dagaa Katonga sasa anauza karanga." Kila neno ni taarifa, na bado msomaji anaumia. Wewe wa Ujiji utaiona lawama kwa agizo. Mtaalamu wa samaki anaweza kuiona gharama ya muda mfupi. Tathmini ya namna hii iweke safu yake, usiichanganye na ya wazi katika hesabu, na umpe mwenzako aisome bila kuona alama zako. Mkitofautiana, eleza tofauti hiyo kwenye tasnifu, usiifiche.

Katika jedwali lako, kila sentensi iwe na msemaji, anayetathminiwa, aina ya msimamo, chanya au hasi, na wazi au fiche. Safu ya msemaji usiiache tupu hata siku moja, kwani lawama ya mkuu wa wilaya si ya mwandishi, ingawa kuichagua ni kazi ya mwandishi.

Kuhusu idadi, habari 20 zilizochambuliwa sentensi kwa sentensi zitakufaa kuliko 200 zilizohesabiwa maneno. Zigawe kwa wakati: zilizotoka kabla ya Mei 15, za miezi ya katikati, na za baada ya Agosti 15, kutoka magazeti yaleyale. Ukikuta "wadau" wa Aprili wamegeuka "wavuvi haramu" mwezi Juni, sura yako ya nne, ile ya matokeo, umeipata.