Mama na mtoto nyumbani: majibu ya barua zenu

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa akina mama wadogo wanaoshinda nyumbani na watoto waliokwisha kutembea lakini bado hawajui hatari wala subira. Majina nimeyaacha, mikoa nimeitaja.

Nina miaka 22, naishi Mbagala. Mtoto wangu ana mwaka na miezi minne na hataki niende popote bila yeye. Nikishika ufagio analia, nikienda chooni anagonga mlango. Mume akirudi jioni anakuta nyumba haijakaa sawa, ananiuliza, "Kwani umeshinda unafanya nini?" Nakosa jibu. Nimeanza kujiona sina faida.

Mdogo wangu, jibu unalo, ila kazi ya kulea mtoto wa umri huo haionekani jioni. Ukifua, nguo zinaonekana kambani. Ukimtoa mtoto kwenye ndoo ya maji mara tano, kinachoonekana ni mtoto mzima tu, na baba anadhani ndivyo alivyoshinda mwenyewe. Unachambua mchele, anapindua ungo. Unaokota punje kwenye mkeka, ameshafika kwenye beseni la vyombo. Unambadilisha nguo zilizolowa, huku nyuma maharage yameshika chini ya sufuria. Hapo saa nne ya asubuhi haijafika.

Kwanza huko kung'ang'ania. Mtoto wa umri huo ameshajua kwamba ukitoka unaondoka, ila bado hana uhakika kwamba utarudi. Wengi hutoroka kimyakimya mtoto asilie, na matokeo yake anazidi kuwa na wasiwasi, kwa sababu hajui ni saa ngapi utapotea tena. Muage: "Mama anakwenda chooni, anarudi sasa hivi." Atalia, lakini utarudi, na baada ya muda ataanza kuamini. Ukiwa na kazi, mpe na yeye kazi: mwiko na sufuria tupu, kitambaa cha kufutia meza, vifuniko vya kupanga. Chagua kazi moja kubwa kwa siku, kufua au kudeki au kupiga pasi. Ukitaka zote siku moja utaishia kumgombeza mtoto bure.

Mume usimjibu jioni akiwa amechoka na wewe umechoka. Tafuta siku yake ya mapumziko, mwachie mtoto tangu chai ya asubuhi hadi mchana, wewe nenda sokoni au kwa mama yako. Usifanye kwa kumkomoa. Baba naye anahitaji kumjua mwanawe: analia vipi akiwa na njaa, analia vipi akiwa na usingizi.

Na kuna jambo ningependa kila mama wa nyumbani nchini alijue. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilisema kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali ya familia, kwa tafsiri ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Sikutajii ili uende mahakamani. Nakutajia kwa sababu umeandika kwamba huna faida, na majaji wa mahakama ya juu kabisa ya nchi hii hawakukubaliana na neno hilo.

Mwanangu ana mwaka na miezi minane, tuko Mwanza. Alikuwa anakula vizuri, sasa anafunga mdomo na kutema. Mama mkwe anasema nimbane pua nimnyweshe uji kwa nguvu.

Mama mkwe ana uchungu na mjukuu wake, lakini hilo usilifanye. Mtoto anayelazimishwa huku analia anaweza kuvuta uji ukaingia kwenye njia ya hewa. Na hata usipoingia, kesho akiliona bakuli atakimbia.

Mwaka wa kwanza mtoto hukua kwa kasi ambayo hatairudia tena: uzito wa kuzaliwa unafika mara tatu hivi. Mwaka wa pili huongeza kilo mbili, mbili na nusu. Mwili unadai kidogo, na yeye anakula kidogo. Chukua kadi ya kliniki uangalie mstari wa uzito. Ukipanda taratibu, mtoto yuko salama hata kama anakuacha na bakuli nusu. Ukilala au ukishuka, nenda kliniki bila kungoja tarehe.

Nyumbani, mpe milo mitatu au minne midogo na kitu cha kutafuna katikati, ndizi au kipande cha kiazi kilichochemshwa. Usimwache ashinde na chai na biskuti, maana chai pamoja na chakula inapunguza madini ya chuma yanayoingia mwilini, na tumbo likishajaa maji matamu hakuna nafasi ya ugali. Mkalishe mnapokula, awe na sahani yake, ashike kwa mkono wake. Atachafua, mwache achafue.

Uji wa lishe nao una mambo. Watu wanachanganya mahindi, ulezi, mtama, ngano, mchele, soya na karanga wakidhani wingi ndio lishe. Nafaka moja au mbili safi zinatosha, ukiongeza maziwa, au karanga zilizokaangwa na kusagwa. Muhimu ni nafaka na karanga zisiwe na ukungu. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, iliua watu mikoa ya Dodoma na Manyara, na mahindi ndiyo yaliyokuwa chanzo. Karanga iliyokunjamana au kubadilika rangi itupe, usiioshe ukadhani imepona.

Halafu uko Mwanza, una dagaa! Wachague, waoshe mchanga wote utoke, wakaushe, watwange wawe unga, nyunyiza kijiko kwenye mboga. Kwa bei yake sijaona chakula cha mtoto kinachowashinda.

Nampa simu aangalie katuni ili nipike. Ana mwaka mmoja na nusu. Kuna ubaya?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linasema mtoto wa mwaka mmoja asipewe skrini kabisa, na wa miaka miwili isizidi saa moja kwa siku. Kwa umri huo huo linataka achezecheze angalau saa tatu kwa siku nzima na alale saa 11 hadi 14, ukijumlisha usingizi wa mchana. Kama leo jiko limekuelemea na umempa dakika chache, hukumharibu. Ila isiwe ndiyo dawa ya kila kilio, na isiwashwe wakati wa kula wala kabla ya kulala.

Naandika kutoka Morogoro. Mtoto wangu wa miezi 13 amekonda na bado hatembei. Majirani wanasema tumembemenda, yaani tumekutana kimwili wakati bado ananyonya. Mume wangu ameogopa, sasa halali nyumbani. Naomba ukweli.

Ukweli ni huu: tendo la ndoa haliharibu maziwa. Mbegu za mwanaume hazina njia ya kufika kwenye titi. Haijalishi ni mume wako au umefanya lini, maziwa yako ni yale yale.

Wazee hawakusema hivyo bila kuona kitu. Waliona mama akipata mimba mtoto bado mdogo, yule mdogo anadhoofika. Wakaunganisha kitanda na ugonjwa. Mara nyingi kilichotokea ni kwamba mama akishajua ana mimba anamwachisha titi ghafla, na mtoto anabaki na uji mwepesi wa mahindi matupu. Anakonda kwa njaa ya protini, kisha kuhara na malaria vinamkuta hana nguvu. Hata ukishika mimba, kama haina matatizo unaweza kuendelea kunyonyesha huku unamwongezea chakula. Kunyonyesha kunashauriwa hadi miaka miwili na zaidi.

Kwa hiyo kesho asubuhi nenda kituo cha afya. Omba apimwe uzito na urefu, na mkono wa juu upimwe kwa ule utepe wenye rangi: chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali unaotaka matibabu mara moja. Omba pia apimwe malaria na wingi wa damu, na ueleze kama ana kikohozi kisichoisha au kama nyumbani kuna mtu mwenye kifua kikuu. Kutotembea kwa miezi 13 peke yake si ugonjwa, wengi huanza kati ya miezi 12 na 18. Kukonda ndiko kunakonitia wasiwasi. Usipoteze siku kwa kuzungushwa kwa waganga wa kuondoa kubemenda.

Mumeo aje kliniki pamoja nawe, asikie kwa mhudumu. Nasema kwa uchungu, kwa sababu imani hii inamtoa baba nyumbani wakati mtoto na mama wanamhitaji zaidi, na inamwachia mama lawama ya ugonjwa ambao hakuuleta. Mkiwa huko zungumzeni uzazi wa mpango. Ukishavuka miezi sita kunyonyesha peke yake hakuzuii mimba, hata kama hedhi haijarudi. Kuna vipandikizi, sindano na kitanzi, na vituo vya serikali havilipishi. Ushauri ni kumpa mtoto angalau miezi 24 kabla ya kushika mimba nyingine.

Mimi ni wa Moshi. Bibi anamsemesha mtoto Kichaga, sisi Kiswahili. Ana miaka miwili na anasema maneno kama kumi tu. Lugha mbili zinamchanganya?

Hazimchanganyi. Afrika Mashariki imejaa watu waliokua na lugha mbili au tatu tangu mgongoni kwa mama. Bibi aendelee na Kichaga chake, ni zawadi. Lakini kwa miaka miwili tunategemea maneno kama hamsini, ukihesabu ya lugha zote mbili, na kuunganisha mawili: "mama njoo", "maji hapa". Maneno kumi ni machache, basi aangaliwe, kwanza masikio. Msemeshe upande asiokuona uone kama anageuka. Mwambie daktari pia kama aliwahi kutokwa usaha masikioni. Kwa sasa zima redio, kaeni naye chini, mtajieni vitu mnavyovishika.

Mtoto anaharisha, kila mtu ananiambia ni meno, nisubiri.

Usisubiri. Meno huleta udenda na kutafuna kila kitu, hayaleti kuharisha. Kinacholeta kuharisha ni vidudu kwenye vitu anavyotia mdomoni, na umri wa meno ndio umri wa kuokota vitu chini.

Pakiti moja ya ORS, ile dawa ya kurudisha maji mwilini, weka kwenye lita moja ya maji safi na salama, usipunguze maji wala kuongeza. Chini ya miaka miwili mpe robo hadi nusu kikombe kila anapoharisha, kwa kijiko, polepole. Akitapika ngoja dakika kumi uendelee. Vidonge vya zinki anapewa siku 10 hadi 14 hata kama ameshaacha kuharisha. Titi na chakula viendelee. Ukiona damu kwenye choo, macho yamezama, anatapika kila kitu, au amelegea hataki kunywa, ni hospitali saa hiyo. Na mtu akikwambia ana meno ya plastiki yanayotakiwa kung'olewa, mchukue mwanao uondoke. Hakuna ugonjwa huo, ila watoto hupata vidonda na kutokwa damu kwa kung'olewa.

Tuna chumba kimoja cha kupanga Tandale. Jiko, maji, kitanda, vyote humo humo. Naogopa ataungua.

Hofu yako ni ya haki. Jiko la mkaa likiwaka likae nje, na mtoto awe mgongoni au na mtu, asibaki nalo. Hata likizimwa lina moto kwa muda mrefu, na kulileta ndani mkalala nalo ni hatari nyingine, ule moshi usioonekana unaua. Chai na mboga zisikae kwenye kitambaa cha meza anachoweza kukivuta. Ndoo ya maji iwe na mfuniko mgumu, mtoto akitumbukia kichwa hawezi kujiinua. Mafuta ya taa yasiwekwe kwenye chupa ya soda hata siku moja. Akiyanywa usimtapishe wala usimpe maziwa, mkimbize hospitali. Karanga nzima asipewe, zinakaba.

Akiungua, mwagia maji safi ya kawaida kwa dakika 20. Si dawa ya meno, si asali, si unga. Kisha funika kwa kitambaa safi na mwende kituo cha afya.

Nimehamia Kahama kumfuata mume, sina ndugu. Siku nyingine nalia bila sababu, mtoto analia na mimi nalia. Usiku silali hata yeye akilala.

Dada, nimeirudia barua yako. Kwetu mzazi anakaliwa arobaini: anaogeshwa, anapikiwa supu, mtoto anapokelewa na mikono mingi. Zikiisha zile siku, watu wanarudi makwao, na mama anabaki peke yake kwa kipindi ambacho kwa maoni yangu ni kigumu zaidi, mtoto akishakuwa na miguu. Wewe hata hao wa kurudi makwao huna karibu.

Kukosa usingizi wakati mtoto amelala na kulia kwa zaidi ya wiki mbili inaweza kuwa sonona, yaani huzuni nzito. Ni ugonjwa, unatibika, na haumaanishi humpendi mwanao. Siku ya kumpeleka mtoto kliniki mwambie nesi hivi hivi ulivyoniandikia, usiseme tu "nimechoka". Kama maneno yatakwama, mpe barua asome. Mwambie na mumeo siku hiyo hiyo, na umpangie jambo moja la kufanya: usiku mmoja kwa wiki mtoto akiamka aamke yeye.

Hapo mtaani, tafuta mama mmoja mwenye mtoto wa umri wa wako. Usiende na maelezo marefu, mwambie tu mkafue pamoja, watoto wacheze. Na likikujia wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, usibaki naye ndani peke yenu. Mpe jirani huyo mtoto, uende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.