Nilijua M-Pesa itashinda, na bado nikapata hasara

Wiki mbili kabla ya Ramadhani mpwa wangu alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Anauza vipuri vya simu Mwembe Tayari, hapa Mombasa, na mambo ya mitandao ananizidi mbali. Nikiondoa maneno ya kuzunguka, swali lake lilikuwa hili: "Mjomba, hii akili mnemba ndiko dunia inakoelekea. Nina elfu themanini. Ninunue hisa za Nvidia, wale Wamarekani wa chipu, kwa pesa yote, ama nigawe na za Safaricom?"

Sikumjibu siku hiyo. Nilikwenda kwenye sanduku la vyeti nikatoa karatasi moja ya hisa ya mwaka 2008 iliyoanza kugeuka manjano, nikaisoma tena kama mtu anayesoma barua ya mchumba aliyemwacha.

Wakati huo nilikuwa karani wa kampuni ndogo ya kutoa mizigo pale Kilindini. M-Pesa, huduma ya kutuma pesa kwa simu, ilikuwa na mwaka mmoja na kidogo tu, ilianza Machi 2007, lakini mimi nilikuwa nimeshaona. Makuli waliokuwa wakimpa dereva wa basi bahasha ampelekee mama Kitui, sasa walikuwa wanasimama nje ya kibanda cha wakala, wanabonyeza, wanapiga simu kuuliza "imefika?", wanarudi kazini. Hakuna aliyehitaji kunieleza kwamba hii kampuni itakuwa kubwa.

Serikali ilipotangaza kuuza asilimia 25 ya Safaricom, kampuni ya simu yenye M-Pesa, hisa bilioni 10 kwa shilingi 5 kila moja, nilikopa elfu 50 kwenye SACCO. Wadhamini watatu, mmoja wao baba mkwe wangu. Niliomba hisa 10,000. Bahati mbaya nusu ya Kenya ilikuwa imeona nilichokiona mimi. Maombi yalizidi hisa zilizokuwepo zaidi ya mara nne, nami nikaambulia kama 2,100. Pesa zilizobaki zilirudi baada ya majuma kadhaa, na riba ya mkopo ilikuwa inanihesabia siku zote hizo kana kwamba nimezila.

Hisa ziliingia sokoni tarehe 9 Juni 2008 na kwa siku chache zikapita shilingi 7. Sikuuza. Kichwani mwangu Disemba ilikuwa shilingi 20. Septemba benki ya Lehman Brothers ikaanguka Marekani, wawekezaji wa kigeni wakaanza kutoa pesa kwenye masoko madogo kama letu, na mapema mwaka 2009 hisa ile ile ilikuwa ikichezea shilingi 3. Mwezi huo huo mke wangu alijifungua kwa upasuaji. Niliuza zote. Elfu sita na mia tatu, kabla dalali hajakata chake. Mkopo niliendelea kuulipa mpaka mtoto akaanza kutembea.

Teknolojia yenyewe sikuikosea hata kidogo. M-Pesa ilishinda kuliko nilivyoota. Agosti 2021 hisa moja ilifika karibu shilingi 45, maana yake karatasi yangu ingekuwa na thamani ya elfu 94 na zaidi. Kati ya 2023 na 2025 kampuni ililipa gawio, yaani sehemu ya faida, la shilingi 1.20 kwa hisa kila mwaka, kwa hivyo hata bila kuuza ningekuwa nimepokea kama 2,500 kila mwaka kwa kitu nilichokinunua kwa 10,500. Hesabu hii nimeifanya mara nyingi sana, kwa kawaida usiku.

Watu wakisikia hadithi hii husema: ungesubiri. Nisubiri na nini? Pesa haikuwa yangu. Ilikuwa ya SACCO, na SACCO ina tarehe zake. Kampuni ilihitaji miaka kumi na kitu kuonyesha ilichokuwa nacho, mimi nilikuwa na miezi kumi.

Tena mgeukie mwenzangu wa upande wa pili. Yupo mtu alinunua kwa 45 mwaka 2021, wakati kila mtu anakubali kwamba M-Pesa ni mfalme. Huyo gawio la 1.20 lilimpa chini ya asilimia 3 ya alichotoa. Na kufikia mwisho wa 2023, biashara mpya ya Safaricom kule Ethiopia ikila pesa na wawekezaji wa kigeni wakiondoka soko la Nairobi, hisa yake ilikuwa chini ya shilingi 15. Kampuni ni ile ile, vibanda ni vile vile vya kijani. Mimi niliumizwa na muda, yeye aliumizwa na bei.

Wamarekani wana mfano mkubwa zaidi, na ndio niliomtumia mpwa wangu. Mwaka 2000 kila mtu alijua intaneti itaibadilisha dunia, na wote walikuwa sahihi. Cisco ndiyo iliyokuwa ikiuza mitambo ya kuiunganisha hiyo intaneti, na Machi mwaka huo ikawa kampuni yenye thamani kubwa kuliko zote duniani. Aliyenunua siku zile alingoja zaidi ya miaka 20 kuona bei ile tena, ingawa Cisco haikufa wala haikukosa wateja. Soko zima la Nasdaq, lenye hisa nyingi za teknolojia, lilishuka kutoka zaidi ya pointi 5,000 hadi takriban 1,100 Oktoba 2002, likarudi pale lilipokuwa mwaka 2015. Mtoto aliyezaliwa siku ya kilele alikuwa sekondari.

Sisemi Nvidia ni Cisco. Sijui, na anayekwambia anajua anataka kukuuzia kitu. Nvidia inauza chipu na inapata faida ya kweli, si ndoto. Lakini tarehe 27 Januari 2025, baada ya Wachina wa DeepSeek kuonyesha modeli ya akili mnemba waliyosema imetengenezwa kwa gharama ndogo, Nvidia ilipoteza karibu dola bilioni 600 za thamani kwa siku moja, asilimia 17. Baadaye ilipanda tena ikapita pale ilipokuwa. Swali si kama ilirudi. Swali ni kama wewe ungekuwa bado umo, au ungekuwa umeshauza Jumanne asubuhi kwa sababu mwenye nyumba anagonga.

Ndiyo maana siku hizi mtu akiniuliza anunue nini, mimi humuuliza pesa hiyo itaitwa lini. Kila shilingi ina siku yake ya kuitwa. Karo ya Januari imeshaitwa tayari hata kama leo ni Septemba. Pesa ya dharura inaweza kuitwa usiku huu. Ile ambayo haitaitwa miaka saba, kama unayo, hiyo ndiyo inayoweza kwenda kukaa na teknolojia mpya na kuvumilia vituko vyake. Wengi wetu hatuna nyingi ya namna hiyo, na hakuna aibu.

Pesa yangu ya karibu naiweka kwenye mifuko ya pamoja inayonunua hawala za Hazina, yaani kuikopesha serikali kwa muda mfupi, na kuweka amana benki. Unatoa kwa siku moja mbili, hulali ukiwaza. Ila usidhani riba yake ni ya kudumu. Mwanzoni mwa 2024 hawala ya siku 91 ilikuwa ikitoa zaidi ya asilimia 16, watu wakatangaza kwenye makundi ya WhatsApp kwamba hisa ni za wajinga. Kufikia mwisho wa 2025 ilikuwa chini ya asilimia 8, na mifuko ikaifuata. Waliotulia ni wale walionunua hatifungani ya miundombinu, yaani mkopo wa muda mrefu kwa serikali, ya Februari 2024: miaka minane na nusu, asilimia 18.46, bila kodi. Serikali iliomba bilioni 70, ikaletewa zaidi ya bilioni 280. Nilinunua kidogo, na nikiri sikuwa mjanja, nilikuwa tu na pesa isiyoitwa.

Niliinunua kwa simu, nimekaa barazani. Zamani ilikuwa uende benki kuu, ujaze fomu, fomu irudi kwa sababu sahihi haifanani. DhowCSD, mfumo wa Benki Kuu wa kununua dhamana za serikali mtandaoni, imefuta usumbufu huo. Hisa nazo, tangu Agosti 2025 unaweza kununua hata moja tu Nairobi, zamani ilikuwa lazima mia. Haya ni mabadiliko mazuri na nayashukuru. Lakini ule usumbufu wa zamani ulinisaidia bila kujua. Mwaka 2009 ili niuze ilibidi nipande matatu hadi barabara ya Nkrumah, na njiani nilibadili nia mara mbili kabla ya ile safari ya tatu. Sasa uoga wa saa nane usiku una kitufe. Mimi programu ya hisa nimeitoa kwenye simu, iko kwenye kompyuta ya duka, na duka hufungwa saa kumi na mbili.

Kuhusu wanaokuahidi asilimia 2 kwa siku kwa roboti inayouza na kununua: chukua kikokotoo. Shilingi elfu moja ikikua hivyo kila siku kwa mwaka inakuwa zaidi ya milioni moja na laki tatu. Mwenye roboti hiyo hahitaji elfu yako. Angalia kama jina lao liko kwenye orodha ya wenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na kama haliko, maliza mazungumzo.

Basi nikampigia mpwa wangu. "Hizo themanini zina kazi gani?" Akanyamaza kidogo. Ikatoka kwamba sitini ni malipo ya kwanza ya tuktuk, na mwenye tuktuk amempa hadi baada ya Idi.

"Basi una ishirini," nikamwambia.

"Ishirini si kitu, Mjomba."

Nikampigia picha ile karatasi ya njano, nikamtumia. Hakujibu mpaka jioni. Aliziweka sitini pale zitakapotoka haraka, ishirini akanunua hisa, za kampuni gani sikutaka kujua.

Juzi kanitumia picha ya tuktuk, ya buluu, nyuma imeandikwa "Haraka ya Nini". Hisa hakuzitaja.