Oksijeni ya sakafuni haimo kwenye modeli

SWALI: Modeli yetu ya kompyuta ya mlango wa mto inatabiri oksijeni ya kutosha, ilhali vipimo vya karibu na sakafu ya maji hushuka chini ya miligramu 2 kwa lita. Tubadili nini?

JIBU: Huenda modeli inachukulia maji yote kuwa tabaka moja. Maji ya chumvi ni mazito, hukaa chini. Ya mto huelea juu na kuzuia oksijeni isishuke. Gaweni kina katika tabaka 10 hivi, kisha sahihisheni kwanza chumvi ya modeli ilingane na vipimo. Chumvi ikikosewa, kuchezea viwango vya kuoza kwa mabaki, kunakokula oksijeni, ni kujidanganya. Ingizeni pia oksijeni inayoliwa na tope, wengi huisahau. Mkipunguza ukubwa wa visanduku (vipande vya maji ambavyo modeli hukokotoa kimoja kimoja), fupisheni na hatua ya muda, yaani muda kati ya hesabu moja na inayofuata, la sivyo hesabu itavurugika.